Mguu wa Pili wa Mama

Mguu wa kwanza wa mama tuliukata sisi wanawe. Majirani hapa Gongoni wakisema ni kisukari nawaacha waseme, lakini moyoni nachemka. Kisukari kilileta kidonda kwenye kisigino. Mguu tuliukata sisi kwa midomo yetu, mimi na kaka yangu Nurdini na mjomba wetu Shomari. Daktari alishika msumeno tu.

Ilikuwa mwaka jana, mwezi wa Rajabu. Daktari wa wakati ule alimvuta Nurdini pembeni koridoni akamuuliza, "Mnataka mama yenu aishi, au mnataka afe na mguu wake?" Hebu niambie, mtoto gani atajibu swali hilo kwa namna mbili? Nurdini akasema aishi, na mjomba akaunga mkono. Akanipigia simu nikiwa kwenye cherehani yangu sokoni: "Zamda, wakikata, kati ya watu mia, tisini wanapona. Unasemaje?" Nikasema tisini ni wengi, wakate. Kisha wakanituma mimi, binti, nikaongee na mama, kwa sababu kwetu mtu mzima haambiwi neno kavu. Nikakaa kitandani kwake, nikamshika mkono, nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mama, wakupe nusu kaputi, wakitengeneze hicho kidonda, haya maumivu yaishe?"

"Sawa, mwanangu," akasema.

Aliamka mguu umeishia chini ya goti.

Hakulia. Alipapasa shuka, akapapasa tena, akanitazama, akauliza kitu kimoja tu: "Mmeuzika wapi?"

Mama yangu, Bi Hafsa, ni mwosha maiti. Kwa miaka thelathini na moja wanawake wa Kiislamu wa mji huu wamepita mikononi mwake kabla ya kwenda kaburini. Akiitwa Ntalikwa alikwenda kwa miguu, kwa ile njia ya zamani ya misafara, kanga ya pili begani na kafuri ndani ya mkebe. Akiitwa Kigwa alipanda treni. Unywele uliobaki kwenye kitana cha marehemu aliuokota mmoja mmoja, akauweka ndani ya sanda, maana mtu anarudi kwa Mola wake akiwa kamili, na kilichotangulia kutoka mwilini nacho huzikwa. Sasa mwanamke huyo anauliza mguu wake umezikwa wapi, na mguu wake ulikuwa umechomwa moto kwenye tanuri la hospitali pamoja na bandeji na mabomba ya sindano.

Nilikwenda kuuliza. Nikaonyeshwa fomu aliyotia sahihi Nurdini. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, kulikuwa na mstari unaosema ndugu wenye pingamizi dhidi ya kuteketezwa kwa kiungo waweke alama hapa. Nurdini hakuweka alama. Nani anasoma mstari wa chini wakati mama yake yuko kwenye kitanda cha matairi? Aliacha wazi, na aliyeacha wazi alihesabiwa hana pingamizi. Nilitaka kuipasua ile karatasi mbele ya yule karani, lakini nilipanga foleni kama watu wengine, nikashukuru, nikaondoka.

Nyumbani nikamdanganya mama. Nilimwambia madaktari walifungua wakakuta hali mbaya, wakakata wenyewe. Akaniamini. Nurdini ndiye aliyenyimwa salamu miezi miwili, kwa sababu alikuwa mwanamume wa nyumba na hakudai mguu. Mimi nilinyamaza nikamwacha kaka yangu abebe. Mama alipopata nguvu alirudi kazini, akakaa kwenye kiti cha plastiki upande wa kichwa cha maiti, akaosha, na wanawake wengine wakawa wanageuza.

Mwaka huu, mwezi wa tano, vidole viwili vya mguu uliobaki vikaanza kuwa vyeusi.

Akalazwa wodi ile ile. Mjomba Shomari akaja na basi kutoka Usinge, anakolima tumbaku, na jioni tukakaa uani kwa Nurdini, sisi watatu. Nurdini alikuwa ameshazungumza na daktari mpya, Daktari Tobia, kijana wa Ulyankulu. Alianza kwa namna yake ile ile.

"Hakuna mengi ya kujadili," alisema. "Wakikata, tisini kwa mia. Wasipokata, sumu inapanda kwenye damu. Zamda, kesho utaongea na mama kama ulivyoongea mara ile."

"Sitaongea kama mara ile."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mara ile sikuongea. Nilimlaghai."

Mjomba Shomari akagonga fimbo yake sakafuni. "Binti yangu, mgonjwa haulizwi. Mgonjwa hutibiwa. Wewe ukiwa na homa ulikuwa unaulizwa kama unataka kwinini?"

"Nilikuwa na miaka sita, mjomba. Mama ana sitini na nane."

"Ndiyo maana! Dada yangu mkaidi. Ukimwambia neno kukata atakataa, na akikataa tumemzika. Sasa tuambie wewe. Unataka kumuua mama yako?"

Hapo ndipo nilipowaka. Nilisimama hata kikombe kikamwagika. Unataka kumuua mama yako! Swali hilo halina mlango wa kutokea. Ukisema hapana, umekubali kila kitu walichopanga. Ukisema ndiyo, u mwendawazimu. Halafu wanakutazama kana kwamba wamekuuliza jambo.

"Mjomba, kwa heshima yote," nikasema, na sauti yangu haikuwa na heshima hata chembe, "hilo siyo swali. Hiyo ni kamba. Nurdini alifungwa nayo mwaka jana, naye akaniletea mimi nikamfunge mama. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tunamficha mwenye maradhi maradhi yake mwenyewe!"

Nurdini akasema, "Unapiga kelele."

"Napiga. Na kesho naenda kwa daktari mwenyewe."

Lazima niseme kitu hapa, hata kama kinaniumbua. Mimi ni fundi cherehani, na ujanja huu wa kuuliza naufahamu kwa sababu ndio unaonilisha kila siku. Nikiwa na zipu nyingi kwenye kopo, mteja akija na kitenge chake namuuliza, "Nikuwekee zipu ya nyuma au ya ubavuni?" Atafikiri sana, atajipima mbele ya kioo, atachagua, na ataondoka akiamini gauni ni wazo lake. Hajawahi hata mmoja kuniambia anataka vifungo. Sikumtajia vifungo, basi duniani hakuna vifungo. Kwa hiyo usiku ule sikuwa malaika. Nilikuwa mwizi anayemtambua mwizi mwenzake.

Asubuhi nilimkuta Daktari Tobia ofisini kwake. Alikuwa mstaarabu, macho mekundu ya kukesha. Nikamwambia mimi ni binti wa Bi Hafsa wa wodi ya wanawake.

"Kaka yako nimemweleza," alisema. "Tisini kwa mia wanatoka salama."

"Na hao kumi?"

"Hao kumi hawatoki."

"Mbona hukumwambia kaka kumi wanakufa?"

"Dada, ni hesabu moja."

"Hesabu ni moja, lakini nisingelala usingizi ule ule."

Akacheka bila kupenda, kisha akavua miwani. Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba njia nzima. Mbali na kukata mguu au kuuacha, kuna kitu cha tatu?

"Kipo," alisema. Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayeulizwa kama kuna maji bombani. "Tunaweza kutoa vile vidole viwili tu, tukasafisha, akawa anafungwa kidonda kila siku. Lakini nusu yao hurudi kukatwa tena. Wengine hurudi mara mbili, mara tatu, tunapanda nao kidogo kidogo mpaka gotini, na kila mara wanakuwa dhaifu zaidi."

"Kaka yangu ulimwambia hilo?"

"Aliniuliza tukate mguu au tuuache. Nikamjibu."

Nikamwomba afungue faili la mwaka jana. Alisita, akafungua, akasoma kimya, akageuza ukurasa, akarudi nyuma. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Sikuwepo mwaka jana," alisema.

"Nani kakuuliza kama ulikuwepo? Nakuuliza kama kitu cha tatu kilikuwepo."

"Kwa maandishi haya... kidonda kilikuwa cha kisigino, ni kigumu zaidi. Lakini ndiyo. Kujaribu kusafisha kwanza kungewezekana. Sisemi kungefaulu."

"Na nani alikataa kujaribu?"

Akanigeuzia faili nisome mwenyewe. Mwandiko wa haraka, wino wa bluu: Ndugu wameelezwa na wameridhia. Maneno manne tu, na mguu wa mama yangu ukaingia tanurini. Nilitoka mle ofisini. Nilimchukia yule daktari wa zamani, nikamchukia Nurdini, nikamchukia mjomba na fimbo yake, nikawachukia mababu zetu waliofika mji huu na mizigo ya pembe za ndovu vichwani bila kuulizwa na mtu, wakaturithisha tabia ya kubebesha na kubebeshwa. Nilipofika mlango wa wodi nilikuwa nimeshaamua. Kitu cha tatu. Mama atapata kitu cha tatu.

Alikuwa amekaa, mto mgongoni, anavuta tasbihi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umevimba uso? Nani kakukorofisha?"

"Mimi mwenyewe," nikasema. Na nikamwambia. Nilianza na mwaka jana, yote, simu ya Nurdini, zile tisini, na mimi kukaa pale pale kitandani nikimpaka mafuta. Nikamwambia madaktari hawakukata wenyewe. Tulikuwa tumeshakubali tangu asubuhi.

Tasbihi ikasimama. Alinitazama muda mrefu mpaka nikainamisha kichwa. Sijawahi kuogopa macho ya mtu kama siku ile.

"Kwa hiyo Nurdini nimemwonea. Kumbe mlikuwa pamoja," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Miezi miwili mtoto wangu ananisalimia siitikii. Na wewe upo, unanikorogea uji."

Akanyoosha mkono, nikadhani atanizaba kibao, na ningeshukuru. Lakini alinivuta kanga iliyokuwa imeteleza kichwani, akaiweka sawa kwa nguvu mpaka shingo ikaniuma.

"Haya. Na sasa mmenikubalia nini?"

"Sasa hakuna aliyekubali chochote. Nimekuja kukuuliza wewe." Nikafuta macho, nikakaa vizuri. Nikamweleza. Nikamwambia, mama, vidole viwili vimeharibika. Wanaweza kutoa hivyo viwili tu, mguu ukabaki wako. Nitakuja kukufunga kidonda mwenyewe kila siku. Nusu ya watu hawarudi tena kwenye kisu. Utakanyaga chini, utasimama, utasali wima ukishika magongo. Au, nikasema, na sauti ikashuka, wanaweza kukukata mguu mzima kama ule wa kwanza, na kwenye kukata huko kati ya watu mia, kumi wanakufa. Au tuache kabisa, lakini kuacha ni kifo. "Unataka lipi, mama?"

Aliangalia dirishani, kisha akanigeukia.

"Niulize tena," akasema.

"Mama?"

"Niulize tena. Safari hii anzia ulikoishia. Na usilie."

Nikaona ni uchovu wa mgonjwa. Nikaanza. Tukiacha, ni kifo. Wakikata mguu, kumi wanakufa...

"Na waliobaki?"

"Tisini wanapona."

"Wanapona na kurudi kukatwa?"

"Hapana. Hao inakuwa imekwisha."

"Endelea."

"Na wakitoa vidole tu, nusu hawarudi."

"Na nusu nyingine?"

"Wanarudi."

"Mara moja?"

Nilikuwa nayo maneno ya Daktari Tobia, yote, yako kichwani, nilikuwa nimetembea nayo kutoka ofisini mpaka kitandani, na nilikuwa nimeyaacha mlangoni. Sikuyasahau. Niliyaacha.

"Mara mbili," nikasema. "Wengine mara tatu. Wanapanda kidogo kidogo mpaka gotini. Na kila mara mtu anakuwa dhaifu."

Mama akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetafuta kitu kwenye mfuko na kukipata. Kisha akasema, "Mwambie daktari akate mguu."

"Mama, hapana!"

"Mimi nafunika nyuso za watu, Zamda. Uso hufunikwa mara moja. Sitaki kufunuliwa na kufunikwa kila mwezi, leo kidole, kesho unyayo, keshokutwa nyinyi mko uani mnagombana nani aje kunibembeleza. Wakate, iishe. Kuosha nitawafundisha wengine, mdomo haukatwi. Ila mguu huu wanikabidhi. Utaninunulia kitambaa cheupe, na usikitie mshono."

"Lakini mama, hujaelewa. Kuna njia ya kubaki na mguu, mwaka jana hawakukupa, mwaka huu ipo, nimeitafuta mimi, nimegombana na mjomba, nimegombana na daktari..."

"Nimeelewa."

"Hujaelewa! Huwezi kuwa umeelewa ukachagua kukatwa!"

Niliisema kwa sauti, wodi nzima ikageuka. Mgonjwa wa kitanda cha pili akajifanya anatafuta kandambili. Mama alingoja mpaka nikamaliza kuhema.

"Tangu umeingia hapa umekasirika," alisema. "Nikadhani umekasirika kwa sababu sikuulizwa. Kumbe umekasirika zaidi sasa nilipojibu."

"Mama..."

"Kaka yako alinichagulia uhai, akauita swali. Wewe umenichagulia vidole, ukauita swali, na machozi juu. Afadhali yeye hakulia." Akaichukua tasbihi. "Nenda kaniitie huyo daktari. Nyinyi wote mkae nje."

Nilitoka. Nilikuwa na hasira kiasi cha kushindwa kuona vizuri, na hasira yenyewe haikuwa na pa kutua. Koridoni nikamkuta Nurdini amefika, kofia mkononi.

"Umemuulizaje?" akaniuliza haraka. "Zamda, umemuulizaje?"

Ningemwambia nini? Kwamba nilimwendea na swali la fundi cherehani, zipu ya nyuma au ya ubavuni, na mteja akadai vifungo? Daktari Tobia akapita, akaingia, akavuta pazia la kitanda. Sisi wawili tukasimama pale ukutani. Nikamwambia kaka yangu kwamba mama sasa anajua mimi ndiye niliyemdanganya. Akaniangalia, akaivaa kofia, akaivua tena.

"Asante," akasema, na akageuka upande ule mwingine ili nisimwone uso.

Daktari alikaa ndani muda mrefu. Mjomba Shomari alifika, akauliza kuna nini, akaambiwa akae, akakaa. Wahudumu walipita na toroli la chakula cha mchana wakarudi nalo tupu. Hatimaye pazia likafunguka, daktari akatoka na faili kifuani.

"Jumatano asubuhi," alisema. "Mguu, chini ya goti. Fomu ametia sahihi mwenyewe. Na kiungo mtakabidhiwa, kwenye mstari wa pingamizi ameandika kwa mkono wake."

Nilimzuia asiondoke. Nilitaka kujua, ilikuwa inanichoma, nilitaka kujua yeye alitumia maneno gani, alianza na kifo au alianza na uhai, alisema tisini au alisema kumi.

"Daktari, ulimuulizaje?"

Akanitazama kama mtu aliyechoka, asiyeelewa ninachotafuta.

"Sikumuuliza kitu," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa ananiuliza. Kaniuliza maswali kumi na moja, na mawili yamenishinda."

Akaenda zake. Nilibaki nimesimama katikati ya mjomba na kaka. Tangu jana jioni nilikuwa nagombana na watu hawa wawili nani amuulize mama, na amuulize vipi. Haikunijia hata siku moja kwamba yeye naye alikuwa na maswali, na kwamba sisi ndio tuliokuwa tumekaa mlangoni tukimzibia njia.